Mwanamke Aliyegombana na Mawe

Sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai. Alipiga mafunda mawili, akaweka kikombe popote alipokuwa, juu ya ukuta, kwenye mfuniko wa tangi, kwenye dirisha langu, kisha akaondoka kwenda kuangalia kitu ambacho hakuna mwingine aliyeona kinahitaji kuangaliwa. Jioni sisi wapangaji tulivikusanya vikombe vyake, kila kimoja na chai baridi iliyoshika utando.

Tulimwita Mwenye Nyumba, hata mbele yake, naye aliitika. Vyumba vyake vilikuwa Nkubu, safu moja ya mawe nyuma ya soko, na mimi nilihamia humo nikiwa mwalimu mgeni wa shule ya msingi. Nilikusudia kukaa mpaka nipate mahali pazuri zaidi. Nilikaa mpaka watoto niliowafundisha kusoma wakaanza kuniletea watoto wao.

Alikuwa mjane. Alinunua ndizi kwa wakulima wa huku kwetu penye mvua, akazishusha mpaka Mbeere, nchi ya joto, na kurudi na ndengu na mtama. Alizaliwa Mmeru, akaolewa na Mmbeere aliyekuwa dereva wakati bwawa la Kiambere linajengwa. Kwa hiyo alikuwa na lugha tatu na hakuna hata moja aliyoiongea kwa utulivu. Kiswahili chake kilikimbia, na viambishi vilidondoka njiani. "Hii maji imeletwa na nani? Hii viti inakaa nje kwa nini?" Ukijaribu kumjibu, alikuwa amefika mlango wa pili.

Neno lake kubwa lilikuwa "Nani alisema?" Ukimwambia maharagwe ya njano hayapandwi mwezi huu, atauliza nani alisema. Kanisani, mhubiri akitangaza kwamba akina mama watavaa nyeupe, ungemsikia kwenye benchi la tatu, si kwa sauti ya chini. Hakuwa mkaidi kwa ajili ya ukaidi. Alitaka hasa kujua ni nani, yuko wapi, na kama anaweza kuulizwa. Mhubiri mmoja alinieleza kwamba yule mama alimchosha kuliko dhambi zote za Nkubu zikiwekwa pamoja. Lakini alipougua, ni Mwenye Nyumba aliyempelekea uji kila asubuhi, akamsimamia mpaka amalize, huku uji wake mwenyewe ukipoa.

Hakumfukuza mpangaji yeyote, ila aliwagombeza wote. Aliwachukia watu wanaolala mchana, na wakati huohuo alitembea kwa ncha za vidole mbele ya chumba cha nesi aliyekuwa na zamu za usiku. Hakupenda kubeba watoto wachanga. Mpangaji akijifungua, alileta kuku, maziwa, sabuni, akavipitisha mlangoni na kuondoka kabla hajaonyeshwa mtoto. Tulidhani ni haraka yake tu.

Habari za mawe nilizisikia kwake mwaka wangu wa pili. Nilikuwa nimeketi nje nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, akanisimamia.

"Mwalimu, wewe unafundisha historia?"

"Nafundisha kila kitu, mama."

"Basi niambie. Kuna mawe kwa shamba ya bwanangu kule Kiambere. Mawe imesimamishwa na watu, imezunguka hivi, kama boma. Nani aliweka?"

Nilimwambia sijayaona. Likizo ilipofika, akanichukua nikayaone.

Yalikuwa juu ya kilima kidogo, mbali kidogo na nyumba ya shemeji yake, mahali ambapo vichaka vya miiba vinaachana na unaona maji ya bwawa yanang'aa chini. Mawe meusi yenye kumetameta, mengine yanafika gotini, mengine kifuani, yameinamia ndani kama watu wanaosikiliza neno la siri. Katikati palikuwa na rundo la mawe madogo lililoota majani. Hapakuwa na mlango. Hapakuwa na alama yoyote iliyochongwa. Nilitembea ndani, nikagusa, nikapiga picha. Nilipogeuka kumwuliza jambo, nikaona hayuko nyuma yangu. Alikuwa amebaki nje na mfuko wake wa ndengu kichwani, akizunguka duara lote kwa mbali, kwenye miiba, ili atokee upande wa pili. Palikuwa na njia iliyonyooka inayopita katikati ya mawe. Mbuzi walikuwa wakiipita.

"Mbona unazunguka?" nikamwuliza.

"Miguu yangu, mwalimu. Shughulikia yako."

Tangu siku hiyo nikawa miongoni mwa watu aliowauliza, na walikuwa wengi. Mzee mmoja wa pale Kiambere alisema ni kazi ya Agumba, wale watu wafupi wanaosemekana kuishi hapa kabla ya makabila yetu kufika, waliochimba mashimo na siku moja wakaingia ardhini wasitoke. Mwenye Nyumba alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Walikuwa wakali?" Mzee akasema hajui, ila walikuwa wafupi. Mhubiri alisema ni madhabahu ya mashetani na inafaa yavunjwe kwa maombi ya kufunga. Kwa siku kadhaa baada ya hapo Mwenye Nyumba hakumsalimia mtu. Fundi mmoja wa mitambo ya bwawa akamwambia hakuna aliyeyaweka, ni mwamba tu uliopasuka kwa jua na mvua. Hilo lilimfurahisha kwa muda wa chakula cha mchana, kisha akaanza kulitilia shaka. "Jua gani inajua kuchora duara?" Wazee wa ukoo wa mume wake walisema ni mahali pa mababu, pana mwiko kwa wanawake, basi. Alipowauliza mababu gani, kwa majina, wakatazamana.

Mimi nilimletea nilichokipata. Nilimwambia kwamba kaskazini huko, kwenye nchi kavu, kuna makaburi ya mawe ya wafugaji wa zamani sana, watu ambao hakuna anayejua waliongea lugha gani. Inawezekana walifika mpaka huku na mifugo yao. Au labda yalikuwa ya mikutano, au ya kuhesabu misimu.

"Sasa wewe unaniambia labda tatu," akasema. "Labda moja ilinitosha."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Niligundua polepole kwamba kila jibu alilipima kwa kipimo ambacho mimi sikukijua, na kwamba majibu mengine yalimwumiza.

Kitu kingine kilichonishangaza ni jinsi alivyoyatetea. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, alikuwa mkulima wa muguka, majani yanayotafunwa kama miraa, na muguka ulikuwa ukilipa. Alikuwa amepanda karibu kilima chote, akabakiza pale penye mawe. Mwaka mmoja alipata mtu wa kuyavunja kuwa kokoto. Habari zilimfikia Mwenye Nyumba sokoni, akaacha ndizi zake kwa mwanamke asiyemfahamu vizuri, akateremka Kiambere. Nilikuwa likizoni, nikamfuata kwa kuhofia atapigana.

Tulimkuta shemeji na vijana wawili wenye nyundo kubwa. Hakupiga kelele. Alienda akasimama mbele ya jiwe la kwanza, upande wa nje, mgongo ukiwa umeligusa.

"Shemeji, toka hapo," akasema yule bwana. "Hii ni shamba ya ukoo. Na wewe ndiye unasema kila siku haya mawe hayana maana."

"Sijasema haina maana. Nimesema sijui maana yake."

"Sasa si ni afadhali yaende? Si ndiyo yalikuletea shida?"

Alipotamka hayo, uso wa Mwenye Nyumba ulibadilika, na wa shemeji pia, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. Vijana wakashusha nyundo. Shemeji akawaambia waende wakanywe uji, na mawe hayakuguswa.

Alasiri hiyo mimi na Mwenye Nyumba tulikaa kwenye ghala lake la palepale Kiambere tukichambua ndengu. Nimesema tulikaa, lakini yeye alikuwa akichambua kwa kusimama. Hakunitazama alipoanza.

Alisema alipoletwa hapa akiwa bibi arusi, mama mkwe wake alimwonyesha mawe siku ya kwanza na kumwambia mwanamke haingii humo, hasa mwanamke anayenyonyesha. Hakuuliza nani alisema. Alikuwa msichana, na alitaka kupendwa. Akajifungua mtoto wa kike. Siku moja mwanambuzi aliingia katikati ya mawe, naye akamkimbilia, mtoto mgongoni, bila kufikiri. Akamshika mbuzi akatoka. Haikupita wiki, mtoto akashikwa na homa. Wakati ule njia ya kufika hospitali ilikuwa ndefu na gari la mume wake lilikuwa kazini upande wa pili wa mto. Mtoto alifia njiani, mgongoni kwake, pale pale alipokuwa siku ya mbuzi.

"Mama mkwe aliniuliza swali moja tu," alisema. "Uliingia? Nikasema ndiyo. Hakuniuliza kitu kingine mpaka tukahamia Nkubu."

"Mama, ilikuwa malaria."

"Najua malaria. Nimeishi hapa." Akatupa punje mbovu. "Lakini mwalimu, wewe unajua hiyo mawe iliwekwa kwa nini? Hujui. Basi huwezi kuniambia haikuwa hiyo mawe. Mtu aliyeiweka ndiye anaweza kuniambia, na huyo mtu siwezi kumpata."

Nilitaka kusema mambo mengi ya busara. Nilichambua ndengu. Hakupata mtoto mwingine, na hilo nalo, najua, alikuwa amelihesabu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimehama nyumba yake lakini bado jirani, akaja mtafiti kutoka chuo kikuu, mama wa makamo mwenye kofia kubwa, na wanafunzi wake wachache. Alikuwa na kibali cha serikali cha kuchimba sehemu ndogo tu, na chifu msaidizi akamleta kwa familia. Shemeji hakutaka. Alisema watu wa chuo wakishapata kitu, shamba litawekewa waya. Wazee wa ukoo nao hawakutaka. Mwenye Nyumba, aliyekuwa sasa anatembea na fimbo lakini kwa mwendo uleule, alimwuliza yule mtafiti mbele ya wote, "Nani aliweka hiyo mawe?"

"Sijui, mama," akajibu.

"Unadhani?"

"Nina mawazo, lakini nikikwambia sasa nitakuwa nakudanganya. Ndiyo maana nimekuja na mwiko wa kuchimbia."

Nilimwona Mwenye Nyumba akimtazama yule mwanamke kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa katika mji wa ugenini. Kwa maisha yake yote kila mtu alimjibu kwa uhakika, isipokuwa mimi na labda zangu. Aliwageukia wazee, na kwa Kimbeere chake cha kuvunjikavunjika akawaambia kwamba marehemu mume wake alikuwa na sehemu katika kilima hiki, na kwamba sehemu hiyo anaitaka ichimbwe. Wakabishana mpaka chifu msaidizi akachoka. Mwishowe wakakubali jiwe moja.

Walichimba taratibu, kwa miko midogo ya waashi na brashi. Mwenye Nyumba alizunguka. Hakukubali kiti. Kila udongo uliochekechwa aliukodolea macho, na mara mbili mwanafunzi alimwomba asimame mbali na ukingo. Nilikuwepo siku walipofika chini ya jiwe. Mtafiti alipiga magoti, akafagia kwa brashi, kisha akaacha kufagia.

Mifupa ilikuwa myembamba kama vijiti vya kuwashia moto. Ililala kwa ubavu, magoti yamekunjwa, na shingoni palikuwa na duara la shanga ndogondogo nyeupe, zilizotobolewa kutoka kwenye ganda la yai la mbuni.

"Ni mtoto?" Mwenye Nyumba akauliza.

"Ndiyo, mama. Mdogo. Naona hata kutembea hakuwa ameanza."

"Nani alimuua?"

"Siwezi kujua. Sioni alama ya kupigwa. Watoto wadogo huondoka kwa homa, zamani na hata sasa."

"Na nani alimweka?"

"Watu wake."

"Unajua aje ni watu wake?"

Mtafiti alionyesha zile shanga kwa ncha ya brashi. "Kwa sababu walimvalisha."

Shemeji, aliyekuwa amesimama kando akiwa amekunja mikono, alivua kofia. Mwenye Nyumba aliketi. Aliketi chini kwenye udongo uliochimbwa, miguu imenyooka mbele kama mtoto wa shule, na kwa kitambo hakuna aliyethubutu kumgusa.

Kisha mtafiti akamweleza, kwa upole na bila kumficha, kilichobaki. Alitaka kipande kidogo cha mfupa kipelekwe maabara. Kwa kipande hicho wangejua mtoto aliishi zamani kiasi gani, na pengine watu wake walikuwa nani, walitoka wapi, walikula nini. Lile swali lingepata jibu.

"Mkimaliza kupima mtarudisha?"

"Kile kinachopimwa kinachomwa, mama. Hakirudi."

"Basi mfunike."

"Mama, bila kipimo nitaandika tu kwamba ni ya kale. Sitakuwa na jibu la kukupa."

"Nimesikia."

"Kibali kinaniruhusu kuchukua," mtafiti akasema, lakini alisema kama mtu anayejikumbusha, na alikuwa akimtazama yule mwanamke aliyeketi kwenye udongo. Wanafunzi wake walikuwa wameshaandaa vichupa. Nadhani kuacha kulimgharimu, nilimwona akiuma mdomo. Kisha akawaambia wapige picha, wachore, wapime kwa utepe, na kabla ya jioni udongo ukarudishwa na jiwe likasimamishwa mahali pake.

"Na hiyo mengine?" Mwenye Nyumba akamwuliza walipokuwa wakifunga mizigo. "Kila jiwe iko na mtoto?"

"Sijui, mama. Tumeangalia moja."

Nilidhani amepata amani. Tukirudi Nkubu nilimwambia hivyo, na akanikasirikia njia nzima. Amani ya nini? Alikuwa ameona mfupa wa mtoto wa watu. Wa kwake alikuwa wapi? Alizikwa ukingoni mwa shamba wakati yeye, mama, amelazwa na homa hiyohiyo, na mpaka walipohama hakuna aliyemwonyesha kaburi. Sasa kilima chote kilikuwa muguka. "Hao watu ya zamani waliweka jiwe," alisema. "Sisi tuliweka nini?"

Aliuza sehemu ya vyumba vya Nkubu, akahamia Kiambere, kwenye joto, uzeeni, watu wakamwona amerukwa na akili. Simu zake zilinifikia fupi, zenye amri. Ya mwisho ilisema nije Jumamosi, nije na viatu vya kazi.

Nilimkuta kwenye muguka pamoja na shemeji. Vichaka vinne vikubwa, vya miaka mingi, vilikuwa vimeng'olewa na kulala pembeni mizizi juu. Kando palikuwa na jiwe jeusi refu kama mkono, na mtaimbo.

"Yeye ndiye alichimba kaburi," Mwenye Nyumba akaniambia, akimwelekezea shemeji kidevu. "Miaka hii yote alijua."

"Nilikuwa kijana," shemeji akasema. "Mama alinituma nichimbe, na akasema nisimwonyeshe mtu. Siku ile ya watu wa chuo ndiyo sikuweza tena kunyamaza." Alitazama vichaka vyake vilivyong'olewa. "Nilipanda hapa mwenyewe ili nisipaone."

Tulichimba tundu, tukalisimamisha jiwe. Mtu wa pikipiki aliyenileta alikuwa akingoja kivulini, akasogea, akauliza kwa adabu, kama mjukuu kwa nyanya yake, "Hiyo jiwe ni ya nini, cucu? Mpaka?"

"Si mpaka. Ni ya Igoki."

Katika miaka yote hiyo sikuwahi kusikia jina hilo. Shemeji aliinua uso haraka.

"Mama yangu?"

"Mtoto. Si tulimpa jina ya mama yako."

"Najua," akasema. Alifuta jasho kwa kofia, akaishika mkononi. "Shemeji, nyinyi mlipoenda Nkubu, mama alikuwa anaenda kwa yale mawe. Kila asubuhi, kabla ya kukamua. Anaingia ndani kabisa, anayapiga na fimbo. Anaongea nayo. Tulikuwa tunaogopa kumfuata."

Mwenye Nyumba aligeuka akatazama kilimani. Mkono wake ulikuwa bado juu ya jiwe jipya.

"Aliambia hiyo mawe nini?"

"Sijui. Nilikuwa naona tu kwa mbali."

Alisimama hivyo kwa muda, midomo ikitembea bila sauti. Kisha akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande mmoja, akalitazama jiwe kutoka juu hadi chini, na akampa shemeji yake mtaimbo.

"Toa," akasema. "Imeinama. Tuiweke vizuri."